Madhara adimu ya tiba ya mawimbi ya mshtuko kwa wenye mawe ya figo

KWA mgonjwa aliyekesha siku kadha akigaagaa kwa maumivu ya jiwe la figo, hakuna habari njema kama kuambiwa kwamba jiwe hilo linaweza kuvunjwavunjwa pasi na kupasuliwa. Hulazwa juu ya kitanda cha mashine, mawimbi ya mshtuko yakaelekezwa kiunoni mwake kwa muda ambao aghalabu haupiti saa moja, na jioni ya siku iyo hiyo akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa wagonjwa walio wengi, mambo huishia hapo. Vipande vya jiwe hutoka pamoja na mkojo kwa siku au majuma kadha, na maumivu yakasahaulika. Ndiyo maana tiba hii imeenea kote ulimwenguni kwa zaidi ya miaka 40 na kuwapunguzia mamilioni ya watu adha ya kisu cha daktari.

Hata hivyo, hakuna tiba isiyo na upande wa pili. Wagonjwa wachache hupatwa na madhara makubwa baada ya kutibiwa: figo kuvuja damu, maambukizi kuenea mwilini, bandama kupasuka au utumbo kutoboka. Madhara haya ni adimu. Lakini yanapotokea, kinachotenganisha uhai na mauti huwa ni saa chache tu, na mtu wa kwanza kuyaona si daktari. Ni mgonjwa mwenyewe akiwa nyumbani, au jamaa anayemuuguza.

Asili ya tiba

Tiba hii ilizaliwa nje ya hospitali. Wahandisi wa kampuni ya Dornier ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikiunda ndege, walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyodhuru ndege zinazopaa kwa kasi kuliko sauti. Waligundua kwamba tone likigonga bati la ndege huzua wimbi la mshtuko linalosafiri ndani ya bati na kuleta uharibifu mbali na pale lilipogonga. Wazo likachipuka: iwapo wimbi hilo laweza kupenya kitu na kuharibu kilichomo ndani, kwa nini lisitumiwe kuvunja jiwe lililomo mwilini?

Baada ya miaka kadha ya majaribio, mgonjwa wa kwanza alitibiwa mjini Munich mnamo Februari 7, 1980, na kundi la madaktari lililojumuisha Christian Chaussy, Dieter Jocham na Egbert Schmiedt. Mashine za mwanzo zilimlazimu mgonjwa kutumbukizwa ndani ya hodhi la maji, kwa kuwa mawimbi hayo husafiri vyema majini lakini hukatika yakikutana na hewa. Mnamo 1984, mashine ya aina hiyo iliidhinishwa kutumika nchini Marekani na tiba ikasambaa kwa kasi.

Siku hizi hodhi limetoweka. Badala yake, mashine huwa na mto laini uliojazwa maji ambao hubanwa ubavuni mwa mgonjwa, nao mtaalamu hupaka mafuta mazito ya kuondoa hewa baina ya mto na ngozi.

Jinsi jiwe linavyovunjwa

Mashine huzalisha mawimbi kwa cheche ya umeme, kwa nguvu za sumaku ya umeme au kwa vipande maalumu vinavyotikisika vinapopitishiwa umeme. Kila wimbi likitoka huwa limetawanyika, na kwa hivyo hupenya ngozi na nyama bila kuziumiza sana. Kisha mawimbi hukusanywa yakakutana mahali pamoja, mithili ya kioo kinachokusanya miale ya jua hadi karatasi ikashika moto. Mahali hapo ndipo jiwe linapopaswa kuwa. Mtaalamu hulilenga kwa kutumia eksirei au altrasaundi.

Jiwe hupigwa mara elfu mbili, tatu au zaidi katika kikao kimoja. Kila pigo hulibana na kulivuta hadi likapata nyufa. Aidha, mawimbi hayo huzua vipovu vidogo sana katika mkojo uliolizunguka jiwe. Vipovu hivyo hupasuka kwa nguvu nyingi na kulimomonyoa jiwe kutoka nje.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Nguvu izo hizo zinazomomonyoa jiwe haziwezi kutofautisha kikamilifu baina ya jiwe na nyama ya figo iliyo kando yake. Vipovu vikizuka ndani ya mishipa midogo ya damu, huipasua. Isitoshe, jiwe husogea mgonjwa anapopumua, na baadhi ya mapigo huenda upande. Ikumbukwe kwamba mafigo mawili hupitisha takriban thuluthi hadi robo moja ya lita ya damu kila robo dakika, kiasi kinachokaribia lita moja au zaidi kwa dakika. Kiungo kinachopitisha damu nyingi hivyo hakikosi kuvuja kikijeruhiwa.

Yaliyo ya kawaida

Ili kuyatambua yasiyo ya kawaida, sharti mtu ayajue kwanza yaliyo ya kawaida. Karibu kila mgonjwa hukojoa mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili baada ya kutibiwa. Ngozi ya mahali palipobanwa mto yaweza kuwa nyekundu au kuvilia damu kidogo. Kiuno huuma mithili ya mtu aliyeanguka, na vipande vya jiwe vinapoteremka huweza kuleta msokoto wa tumbo unaokuja na kuondoka.

Hali hizi hutulizwa kwa dawa za maumivu alizoagiza daktari, maji ya kunywa na mapumziko. Jambo la kuzingatia ni mwelekeo wake. Mkojo unapaswa kuendelea kung'aa siku baada ya siku, na maumivu yapungue. Yakienda kinyume, hiyo ni ishara ya kwanza kwamba kuna jambo.

Damu kuvilia kando ya figo

Madhara makubwa yanayojulikana zaidi ni damu kuvilia ndani ya figo au kati ya figo na utando unaolifunika. Wagonjwa wote wakipigwa picha za kina baada ya tiba, damu kama hiyo huonekana kwa kati ya asilimia 4 na 19 yao, na wengi huwa hawana habari kwamba walivuja. Wanaougua waziwazi kwa sababu ya damu hiyo hawafiki asilimia moja.

Kwa hao wachache, dalili huanza saa chache baada ya tiba, au siku moja au mbili baadaye. Ubavu huuma kwa namna isiyotulizwa na dawa za kawaida. Mgonjwa huhisi kizunguzungu anaposimama, moyo hupiga mbio, jasho baridi humtoka, na uso wake ukasawijika. Jambo linalowahadaa watu wengi ni kwamba mkojo waweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa damu inavujia nje ya njia ya mkojo. Kwa hivyo, mkojo mweupe si hakikisho kwamba figo halivuji.

Wengi wa wagonjwa hawa hupona bila upasuaji. Hulazwa, hupumzishwa kitandani, damu yao hupimwa mara kwa mara na huongezwa damu ikibidi. Damu iliyovilia hunyonywa na mwili kwa majuma au miezi kadha. Iwapo inaendelea kuvuja, madaktari huweza kuuziba mshipa unaovuja kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa ya damu. Ni nadra mno kufikia hatua ya kuliondoa figo, na vifo vilivyowahi kuripotiwa ni vichache, ingawa vipo.

Kuna tanzu nyingine ya tatizo hili ambayo hujitokeza baadaye. Donge kubwa la damu likilikandamiza figo, figo hudhani kwamba mwili umepungukiwa na damu, likatoa kemikali zinazopandisha shinikizo. Hali hii hujulikana kwa jina la Irvine Page, daktari Mmarekani aliyeieleza katika majaribio yake mnamo 1939. Mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu linapanda ghafla majuma kadha baada ya tiba anapaswa kumkumbusha daktari kwamba aliwahi kupigwa mawimbi.

Vipande kupanga foleni

Jiwe likivunjika, vipande vyake havina budi kupita katika mrija mwembamba unaotoka figoni hadi kwenye kibofu. Vikiteremka vingi kwa pamoja, hukwama na kupangana kama magari katika msongamano wa barabarani. Madaktari Wajerumani waliipa hali hiyo jina lenye maana ya barabara ya mawe, na ndilo linalotumiwa na wataalamu hadi leo. Huwapata kati ya asilimia 4 na 7 ya wanaotibiwa, na hatari huongezeka kadiri jiwe lilivyokuwa kubwa.

Mara nyingi foleni hiyo hujifungua yenyewe, au kwa msaada wa dawa zinazolegeza misuli ya mrija. Hatari yenyewe huingia pale mkojo unapozibwa na papo hapo una vijidudu. Mawe mengine huwa yamehifadhi bakteria ndani yake kwa muda mrefu, nayo yakivunjwa huwaachilia. Mkojo uliosimama hugeuka kisima cha maradhi, na vijidudu vikapenya ndani ya damu. Maambukizi ya namna hii huwapata kati ya asilimia 1 na karibu 3 ya wagonjwa, wengi wao wakiwa wale waliokuwa na vijidudu kwenye mkojo kabla ya tiba au wenye mawe yaliyosababishwa na maambukizi.

Homa pamoja na kutetemeka mwili kwa mtu aliyevunjwa jiwe majuzi si homa ya kungoja kupambazuke. Si wakati wa kununua dawa za malaria dukani na kusubiri. Iwapo njia ya mkojo imeziba, dawa za kuua bakteria peke yake hazitoshi, kwa kuwa usaha umefungiwa ndani. Sharti njia ifunguliwe upesi kwa kuingizwa mrija kupitia kibofuni au moja kwa moja figoni kupitia mgongoni. Mgonjwa akicheleweshwa, shinikizo lake la damu huporomoka na viungo vikaanza kuzimika kimoja baada ya kingine.

Viungo jirani vinapojeruhiwa

Figo halikukaa peke yake. Figo la kushoto limepakana na bandama na mkia wa kongosho, nalo la kulia limepakana na ini. Mbele yake hupita utumbo. Mawimbi yanapopita maeneo hayo, huweza kukijeruhi kiungo jirani. Visa hivi ni vichache kiasi kwamba huandikwa kimojakimoja katika majarida ya madaktari, lakini vimetokea katika nchi mbalimbali.

Bandama likipasuka, damu humwagikia tumboni. Mgonjwa huhisi maumivu upande wa juu wa tumbo kushoto, na wakati mwingine maumivu hayo hujitokeza kwenye ncha ya bega la kushoto ilhali bega lenyewe halina kidonda. Sababu ni kwamba damu husisimua kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ambacho neva zake hutoka shingoni pamoja na zile za bega. Mgonjwa aliyetibiwa figo la kushoto, ambaye sasa analalamikia bega na kizunguzungu, anahitaji kuchunguzwa bila kukawia. Mara nyingine huwa hakuna njia ila kuliondoa bandama, na mtu asiye na bandama hulazimika kuchanjwa dhidi ya bakteria fulani, kwani kinga yake hupungua. Ini nalo huweza kuvilia damu kwa waliotibiwa upande wa kulia.

Kongosho likijeruhiwa huvimba. Dalili zake ni maumivu makali ya chembe ya moyo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika mfululizo. Vipimo vya damu huthibitisha hali hiyo.

Utumbo uko hatarini kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake. Mawimbi yanapotoka katika nyama na kukutana na hewa, humwaga nguvu zake pale pale mpakani. Visa vya utumbo kutoboka vimehusishwa hasa na mawe yaliyokwama katika mrija wa mkojo badala ya figoni, wagonjwa waliolazwa kifudifudi, na mapigo mengi yenye nguvu kubwa. Tumbo huwa gumu kama ubao, likauma likiguswa, na homa ikafuata. Hali hiyo huhitaji upasuaji wa dharura.

Aidha, yapo maelezo ya wagonjwa wachache wenye mshipa mkuu wa damu uliotanuka tumboni ambao mshipa huo ulipasuka baada ya tiba. Ndiyo sababu mtu mwenye mtanuko wa mshipa karibu na jiwe huwa hapewi tiba hii.

Moyo na mapafu

Mapigo ya mawimbi huweza kuuchanganya moyo ukaruka pigo au kupiga bila mpangilio wakati tiba inaendelea. Jambo hili si la nadra. Lililo nadra ni moyo kupata madhara ya kudumu. Mara nyingi mpangilio hurejea mashine inaposimamishwa, au inaposawazishwa ili itoe pigo kwa kufuata mapigo ya moyo wenyewe. Kwa sababu hiyo, moyo wa mgonjwa hufuatiliwa kwenye kioo cha mashine wakati wote wa tiba. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopachikwa kifuani anaweza kutibiwa, lakini ni sharti aseme mapema ili mtaalamu wa moyo ashirikishwe.

Mapafu nayo yamejaa hewa, na hukumbwa na hatari ile ile ya utumbo. Kwa mtu mzima, mapafu huwa mbali na njia ya mawimbi. Kwa mtoto mdogo, mwili wake ni mfupi na mapafu yamekaribiana na figo. Hospitali zenye uzoefu huwakinga watoto kwa kuwafunika sehemu ya chini ya kifua kwa kipande cha povu jepesi, lile linalotumiwa kufungia vyombo vya umeme, kwani hewa iliyomo ndani yake huyazuia mawimbi.

Mjadala kuhusu shinikizo la damu na kisukari

Mnamo 2006, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 19 wagonjwa waliotibiwa mnamo 1985. Walipata kwamba wagonjwa hao walikuwa wameugua shinikizo la damu na kisukari kwa wingi kuliko wenzao wenye mawe ambao hawakutibiwa kwa mawimbi. Habari hizo ziliwatia watu hofu.

Tafiti zilizofuata, zikiwemo zilizohusisha watu wengi zaidi, hazikuthibitisha uhusiano huo. Ieleweke pia kwamba wenye mawe ya figo, hata wasipotibiwa kwa njia yoyote, huwa na uwezekano mkubwa wa kuugua shinikizo la damu na kisukari kuliko watu wengine. Kwa hivyo, hofu ya maradhi haya si sababu tosha ya kuikataa tiba. Ni sababu ya mtu kupimwa shinikizo na sukari kila mwaka.

Wasiofaa kutibiwa kwa mawimbi

Kuna watu ambao kwao hatari hupindukia faida. Wa kwanza ni wanawake wajawazito. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anapaswa kupimwa ujauzito kabla ya kulazwa chini ya mashine, hata akiwa na hakika kwamba hana mimba.

Wa pili ni wenye maradhi yanayozuia damu kuganda na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, iwapo hali hiyo haijarekebishwa. Wa tatu ni wenye maambukizi ya mkojo ambayo hayajatibiwa. Wa nne ni wale ambao njia yao ya mkojo imeziba chini ya jiwe, kwa kuwa vipande havitakuwa na pa kupitia. Wengine ni wenye mshipa uliotanuka karibu na jiwe, na wenye unene wa kupindukia au ulemavu mkubwa wa mifupa unaozuia jiwe lisilengwe barabara.

Shinikizo la damu lisilodhibitiwa lastahili kutajwa peke yake. Ni miongoni mwa mambo yanayoongeza sana uwezekano wa figo kuvilia damu, na watu wengi hutembea nalo bila kujua. Mgonjwa ambaye shinikizo lake limepanda asubuhi ya tiba hana budi kuahirishiwa, hata kama amesafiri kutoka mbali. Umri mkubwa na kisukari pia huongeza hatari.

Kuhusu dawa, mgonjwa anapaswa kutaja kila anachokimeza. Aspirini, klopidogreli na warfarini hufahamika. Lakini wengi husahau dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa kiholela na ambazo pia huathiri chembe zinazogandisha damu. Dawa za kienyeji zitajwe vilevile. Hata hivyo, ni kosa kwa mgonjwa kujikatia dawa ya moyo kwa hiari yake, kwani mwenye mshipa wa moyo uliozibuliwa anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo akiwa katika foleni ya kutibiwa jiwe. Uamuzi huo ni wa daktari wa figo na wa moyo kwa pamoja.

Yanayopunguza hatari

Miongo minne ya uzoefu imewafunza wataalamu mambo kadha. La kwanza ni kasi. Mapigo 60 hadi 90 kwa dakika huvunja jiwe vizuri na kulijeruhi figo kidogo kuliko mapigo 120. Anayeharakisha ili amalize kazi mapema hapunguzi chochote ila muda.

La pili ni kuanza taratibu. Majaribio yaliyofanyiwa nguruwe katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, yalionyesha kwamba mapigo hafifu ya mwanzo huifanya mishipa ya figo kujikunja na kupunguza uvujaji pindi nguvu zinapoongezwa. La tatu ni kuondoa hewa katika mafuta yanayopakwa ngozini, kwa sababu vipovu vya hewa hula nguvu za mawimbi na kumlazimu mtaalamu kuongeza mapigo. La nne ni kulenga jiwe upya kila mara, maadamu mgonjwa hupumua na kujinyoosha.

Zaidi ya yote ni kuchagua jiwe linalofaa. Mawe madogo yasiyozidi milimita 4 au 5 mara nyingi hutoka yenyewe. Mawe yanayotokana na asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa. Yaliyozidi milimita 20, au yaliyo magumu sana, huhitaji vikao vingi vya mawimbi, na kila kikao ni mzigo mwingine kwa figo. Kwa mawe hayo, afadhali daktari aingize kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo na kuyavunja kwa miale ya leza, au ayatoe kupitia tundu dogo mgongoni. Njia hizo nazo zina madhara yake, na ndiposa uamuzi unahitaji mazungumzo.

Dalili za kurudi hospitalini mara moja

Mtu aliyetibiwa kwa mawimbi ya mshtuko anapaswa kurejea hospitalini, usiku au mchana, akiona mojawapo ya haya:

• Homa au kutetemeka kwa baridi.

• Maumivu ya ubavu au tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au yasiyotulizwa na dawa alizopewa.

• Kizunguzungu, kuzirai, moyo kwenda mbio au jasho baridi.

• Maumivu ya ncha ya bega pasi na kuumia.

• Tumbo kuwa gumu au kuvimba, au kutapika kusikokoma.

• Mkojo wenye mabonge ya damu, au kushindwa kabisa kukojoa.

• Maumivu ya kifua au kushindwa kupumua vyema.

Mgonjwa mwenye figo moja tu linalofanya kazi ana sababu maradufu ya kuharakisha. Kwake, njia ikiziba, hakuna figo la akiba.

Umbali pia ni sehemu ya tiba. Mashine hizi hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa, ilhali mawe ya figo huwasumbua sana wakazi wa maeneo ya joto jingi na maji haba. Mtu anayetoka Mandera au Lodwar na kutibiwa jijini Nairobi hushawishika kupanda basi jioni hiyo ili kuokoa gharama ya malazi. Akivuja damu njiani, atakuwa mbali na daktari, mbali na damu ya kuongezwa na mbali na chumba cha upasuaji. Kukaa kwa jamaa karibu na hospitali siku mbili za mwanzo si anasa. Na aendapo kwingine, abebe barua inayoeleza alitibiwa nini, lini na upande upi, ili mhudumu wa zamu asimdhanie ana malaria au vidonda vya tumbo.

Haki ya kuelezwa

Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mgonjwa nchini Kenya haki ya kuelezwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwa lugha anayoielewa. Kabla ya kutia saini fomu ya idhini, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Jiwe langu lina ukubwa gani? Kuna njia nyingine? Mkojo wangu umepimwa vijidudu? Nani nimpigie simu usiku nikizidiwa? Nirudi lini kupigwa picha kuthibitisha kwamba vipande vimekwisha?

Swali hilo la mwisho hupuuzwa na wengi. Maumivu yakiisha, mtu hudhani jiwe limeisha. Vipande vilivyobaki huweza kukua tena, au kuziba mrija kimyakimya hadi figo likaharibika bila kuuma. Picha moja ya altrasaundi au eksirei baada ya majuma machache ndiyo hutoa jibu.

Vilevile, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa anayevuja damu au anayetetemeka kwa homa baada ya kuvunjwa jiwe ni mgonjwa wa dharura, na kituo chochote cha karibu kinawajibika kumpokea na kumtuliza kabla ya kumpeleka kwingine.

Tiba ya mawimbi ya mshtuko ingali miongoni mwa njia salama za kuondoa jiwe la figo, na haifai mtu aikimbie kwa sababu ya visa vichache. Kinachofaa ni kuiendea macho yakiwa wazi: shinikizo limepimwa, mkojo umechunguzwa, dawa zimetajwa zote, na jamaa mmoja nyumbani anajua ni dalili zipi za kumfanya aite gari usiku wa manane badala ya kungoja asubuhi.